Mlango Usio na Kizingiti

"Dada, unanunua vijiko au unapiga hodi?"

Sauti ilitoka nyuma ya rundo la miiko, vibao vya kukatia vitunguu na vigoda vya kukalia. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko limefurika mpaka paka wanapita juu ya meza. Wapagazi walikuwa wakipaza sauti, "Pisha, pisha, mzigo hauna macho!" Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mmoja wa Kizungu, mrefu kama ngazi ya fundi umeme, gauni lake la kitani la bluu iliyopauka, raba zimekula vumbi, nywele za rangi ya nyasi kavu zimesukwa msuko mmoja mnene uliolala mgongoni. Alikuwa ameshika vijiko viwili vya mbao karibu na sikio, anavigonganisha. Ko. Akavirudisha. Akachukua vingine. Ko.

"Ninavisikiliza," alijibu kwa Kiswahili, uso mkavu.

"Unasikiliza kijiko?"

"Ndiyo. Hivi vyako vyote ni bubu."

Wateja wakaangua kicheko. Muuza unga wa meza ya jirani, ambaye alikuwa shangazi wa huyo mwenye vijiko, aliweka kopo la kupimia chini ili acheke vizuri.

"Shangazi, umesikia? Vijiko vyangu bubu!"

"Vitasema saa ngapi, baba, na mwenyewe huwapi watu nafasi ya kusema?"

Fundi alitoka nyuma ya rundo lake. Alikuwa kijana anayekaribia makamo, mabega mapana, vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli imechomekwa sikioni, fulana imesahau rangi iliyozaliwa nayo. Alimtazama mteja wake kuanzia raba hadi msuko, akarudi kwenye uso.

"Sasa dada yangu, mbona umekunja uso kama mtoza ushuru? Tabasamu kidogo, bei itashuka yenyewe."

"Kwetu mtu hatabasamu bila sababu."

"Kwenu wapi huko?"

"Urusi."

"Basi simama hapo hapo, nikutafutie sababu."

Hakutabasamu. Ila pembe moja ya mdomo ilitikisika, na Fundi, ambaye maisha yalikuwa yamemzoesha kuokota makombo na kuyaita karamu, akaiweka akibani ile pembe.

Mwanamke yule alieleza shida yake. Alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya pale juu, nyuma ya tangi la maji. Aliwafundisha wanafunzi nyimbo za kwao Urusi, ngoma za kwao, namna watu wa kwao wanavyoishi. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na darasa lake lilitakiwa kupiga muziki wa vijiko.

"Muziki wa vijiko," Fundi akarudia polepole, kama mtu anayesomewa hukumu.

Mwalimu hakubishana naye. Alivuta kigoda, akakaa, akashika vijiko viwili migongo ikitazamana, akaanza kuvipiga kati ya goti na kiganja. Taka-taka-tak. Goti, kiganja, bega, kisigino cha raba, tena goti. Hata wapagazi walisimama na mizigo vichwani. Vijiko bubu vilijitahidi, maskini, vikatoa vilichokuwa nacho. Alipomaliza, uso wake ulikuwa mwekundu na msuko umerukia kifuani.

"Bibi yangu alinifundisha jikoni kwake," alisema. "Vyake vililia kama kengele. Unaweza kunitengenezea vinavyolia?"

Fundi hakuwahi kukataa kazi maishani mwake, wala kuimaliza siku aliyoahidi.

"Kesho kutwa," akasema.

*

Alichelewa, bila shaka. Lakini safari hii haukuwa uzembe. Alichonga vya msonobari, vikasikika kama mtu anapiga ndizi. Akachonga vya mbao nyekundu, vikapasuka. Mwisho alikumbuka utotoni, wakati panda za manati zilikatwa kwenye mpera kwa sababu mpera haukubali kushindwa. Akakata tawi la mpera, akalikausha kivulini, akachonga, akagonga. Kijiko kikalia. Alipiga simu papo hapo.

"Nakusikiliza," sauti ikasema upande wa pili.

"Mwalimu, simu haipokewi hivyo. Watu wanasema 'haloo'. Wewe unasema 'nakusikiliza' kama hakimu. Mtu anakiri hata makosa ya jirani."

"Kwetu ndivyo tunavyopokea. Basi, kiri."

"Nakiri nimechelewa."

"Hilo nalijua. Kiri lingine."

Fundi akatupa jicho pembeni. Shangazi alikuwa anajifanya anapanga vifuko vya unga, sikio limeinama upande huu kama mti wa pembeni mwa barabara.

"Nakiri leo nimekula chakula cha mchana sikusikia ladha yake," akasema kwa sauti ya chini, "na siyo kosa la mpishi."

Huko upande wa pili pakatoka kicheko kifupi kilichoponyoka bila ruhusa ya mwenyewe.

"Umecheka!"

"Sijacheka. Nimekohoa."

"Uwe unakohoa hivyo kila siku, laazizi."

Neno "laazizi" lilimtoka kama tusi linavyomtoka mtu aliyejigonga nyundo kidoleni. Haikuwezekana kulirudisha. Na yule mwalimu, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa vitabu, aliijua maana yake vizuri sana.

Tangu hapo Fundi akawa na kazi nyingi za ajabu shuleni. Dawati lilegee kidogo, Fundi yupo. Bawaba ilie, Fundi yupo. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alisema hajawahi kuona shule inayokarabatiwa na mtu asiyeleta hesabu ya ujira.

Wanafunzi walimwita mgeni wao Mwalimu Theluji. Jina hilo lilitokana na somo moja. Waliuliza theluji inasikikaje ukiikanyaga. Akanunua kwa Shangazi mfuko wa wanga wa muhogo, ule wa kupigia mashati pasi, akawapa waubinye kwa vidole vyote, taratibu. Kru. Kru. Kru. "Hivyo," akawaambia, "ndivyo ninavyosikika nikitembea nyumbani kwetu asubuhi." Darasa zima lilipokezana mfuko ule, macho yamefumbwa, wakitembea kwa vidole katika nchi ambayo hawajaiona. Fundi alikuwa nje ya dirisha siku ile. Aliona mwalimu alivyougeuzia ukuta uso wakati wao wamefumba macho, akajua kuwa mtu huyu, pamoja na ukavu wake wote, amebeba nyumbani kwao kifuani kama maji yaliyojaa ndoo.

Siku nyingine alikuwa ndani kabisa, upande wa nyuma wa darasa, akigonga misumari kwenye fremu ya dirisha. Somo lilikuwa la milango, mambo ya mtu anapofika kwa mwenzake, afanye nini na asifanye nini. Wanafunzi waligawanyika, nusu ndani, nusu nje, wakaigiza na kuangua vicheko. Fundi alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Lakini alikuja na macho tu, masikio aliyaacha nyumbani. Alikuwa akitazama jinsi mwalimu anavyosogeza msuko kwa kiwiko mkono ukiwa na chaki. Akajigonga kidole mara mbili.

"Pole, Kifundi," mwalimu alimwambia kipindi kilipoisha.

"Kifundi? Mimi na kilo zote hizi?"

"Kwetu mtu tukimpenda, tunalifanya jina lake dogo."

Fundi alisahau kidole.

"Basi usiniite hivyo mbele ya wateja," akasema akiokota nyundo. "Heshima ya karakana itashuka."

*

Siku ya wazazi vijiko vya mpera vililia mpaka baba mmoja aliyekuja kulalamika kuhusu sare akasahau alichojia. Wanafunzi walivaa vilemba vyekundu vilivyokatwa kwenye pazia la zamani, wakapiga magoti, viganja, mabega. Kina mama walipiga vigelegele. Mwalimu Theluji alisimama pembeni, gauni jekundu lililotariziwa maua shingoni, mikono imeshikana, midomo ikihesabu mapigo. Kipigo cha mwisho kilipotua, aligeuka katikati ya umati wote ule, akamtafuta mtu mmoja, akatabasamu. Meno yote. Fundi akashikilia nguzo.

Baada ya sherehe Mwalimu Mkuu alimwita mgeni wake ofisini. Muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. "Shule inakutaka mwaka mwingine, binti yangu. Vibali nitavihangaikia mwenyewe. Nipe jibu tu."

"Nitakupa, Mama. Kuna jambo moja nalisubiri."

Jambo lenyewe lilikuwa na mabega mapana na penseli sikioni, na wakati huo huo lilikuwa karakana likichonga vijiko viwili vya kipekee. Mpini wa kimoja aliuchora msuko. Mpini wa pili aliuchora penseli. Alivisugua msasa, akavipaka mafuta, akavisugua tena mpaka vikateleza kama sabuni.

"Unavipeleka lini?" Shangazi akauliza.

"Leo."

"Na maneno je? Au utaviachia vijiko vikuposee?"

"Maneno ninayo, Shangazi."

"Haya. Oga kwanza. Mbao haiposi mtu."

Lazima lisemwe jambo moja hapa. Miaka ya nyuma Fundi aliwahi kupeleka posa mahali. Baba wa binti alifungua mlango nusu, akamwambia, "Sema hapo hapo, huna haja ya kuingia." Akasema hapo hapo. Akajibiwa hapo hapo. Mlango ukafungwa, na uchungu wenyewe ni kwamba mlango ule aliutengeneza yeye. Tangu siku hiyo aliwatengenezea watu milango bila kuipenda.

Jioni hiyo, jua likiwa bado liko juu ya paa, alifika nyumba za walimu nyuma ya shule. Shati jeupe lililopigwa pasi kwa wanga, viatu vinang'aa, moyo unadunda kama vijiko vya darasa zima. Akapiga hodi. Mlango ukafunguka. Mwalimu Theluji alikuwa ametoka kuosha nywele, taulo kichwani, miguu peku, anapendeza kupita kiasi. Fundi aliogopa kwamba akingoja sekunde moja zaidi maneno yatamkimbia. Akanyoosha mkono na vijiko vyake hapo hapo, yeye nje, mwenzake ndani.

"Mwalimu, nimekuletea..."

Mwalimu Theluji akaruka hatua nyuma. Akaficha mikono mgongoni. Akacheka, kicheko kikubwa, kile kile ambacho Fundi alikuwa amekitafuta miezi yote.

"Hapana! Hapo sipokei!"

Basi. Yeye alisikia hayo tu. Mwanamke amecheka, amerudi nyuma, amesema hapokei. Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba hushtuka, na huyu hakuona ukamba, aliona nyoka yule yule kwenye kizingiti kile kile.

"Samahani kwa usumbufu," alisema, akageuka.

Ndani, mwalimu alingoja, bado anacheka, akidhani mtu anazunguka aje kwa mbwembwe. Alipochungulia nje aliona uwanja mtupu na nyayo za viatu vilivyong'arishwa.

*

Fundi alimfungia namba kwenye simu. Alimwambia Shangazi, "Ukinitajia jina hilo, nahamisha meza." Kesho yake akapanda lori kwenda kununua mbao kule mbali zinakopasuliwa, safari ambayo kwa kawaida alimtuma mtu. Aliapa kuvitupa vile vijiko motoni. Akavibeba. Wapasuaji walipoota moto jioni, yeye alivitoa mfukoni, akavitazama, akavirudisha. Mmoja akamuuliza, "Fundi, unasubiri chakula au?" Wakacheka, naye akacheka nao, maana kucheka alikuwa na uzoefu nako.

Mwalimu Theluji alipiga simu mpaka kidole kikachoka. Akaenda sokoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Salamu haina kosa, Shangazi akaijibu. Kisha akainamia magunia.

"Fundi yuko wapi?"

"Kafuata mbao."

"Atarudi lini?"

"Mbao hazina ratiba, mwanangu."

"Shangazi, nimemkosea nini?"

Shangazi alimtazama. Msuko ule mnene ulikuwa umefungwa ovyo, macho yamevimba, gauni limefungwa vifungo pogo. Alitaka kusema. Lakini damu ni nzito kuliko maji, na mtoto wa kaka yake alikuwa ameondoka bila kula.

"Mimi nauza unga," akasema. "Habari za vijiko sizijui."

Mwalimu alimngoja Fundi. Alifundisha, akasahihisha, akala kidogo, akaweka simu juu ya mto. Kila gurudumu la mkokoteni lililopita nyuma ya nyumba lilimnyanyua kitandani. Mwisho akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Mama, jibu langu ni hapana. Ninarudi kwetu."

"Lile jambo ulilokuwa unalisubiri?"

"Limeshanijibu."

Fundi aliporudi alikonda kidogo, utani ukaongezeka, dalili mbaya. Siku moja Shangazi alimkuta ameketi kwenye meza ya unga, macho amefumba, mkono uko ndani ya mfuko wa wanga. Kru. Kru. Kru. Anabinya ili mtu atembee. Anamtembeza kutoka mbali, polepole, kwenye nchi nyeupe, kuja huku.

"Wewe! Huo unga wa kuuza, siyo wa kupapasa."

Hakufumbua macho.

"Shangazi," akasema, "hivi mtu anaweza kuikumbuka sauti ya miguu ambayo hajawahi kuisikia?"

Shangazi akamwachia mfuko.

*

Kiporo cha kazi kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa ubao wa kukalia wa dawati aliokuwa amechukua kuurekebisha. Fundi alichagua kipindi anachojua Mwalimu Theluji hayupo darasani, akaupeleka. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia chumba kile. Akamwita kiranja, msichana mwenye mwanya na sauti ya askari.

"Njoo upokee."

Kiranja akaja, akafika mlangoni. Halafu akaruka hatua nyuma, akaficha mikono mgongoni, akacheka.

"Hapana, Fundi! Hapo sipokei!"

Darasa zima likacheka. Fundi akaubana ubao kwapani.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Si Mwalimu Theluji? Na wewe si ulikuwepo? Ulikuwa pale dirishani unagonga misumari!"

"Nilikuwepo," Fundi akasema. "Nieleze kama vile sikuwepo."

Kiranja akajikohoza, akachukua sauti ya mwalimu wake. "Kwao mtu hampi mwenzake kitu juu ya kizingiti. Wala mkono hawapeani. Wanaopeana mlangoni huja kugombana, au hutengana. Kama ni mtu unayempenda, unaingia kwanza ndani, au yeye anatoka nje. Mkishakuwa upande mmoja ndipo anapokea."

"Na kumcheka mtu je?"

"Sisi tunataniana hivyo kila siku! Mtu anajua, halafu anajifanya hajui. Ndiyo unamcheka."

Fundi akaegemea mwimo wa mlango. Kichwani kicheko kile kilijirudia, na sasa kilikuwa na mlango wazi nyuma yake, na mtu peku amesimama ndani anangoja aingie.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

Vicheko vikakatika vyote pamoja.

"Anaondoka leo," kiranja akasema, sauti ya askari imemtoka. "Tumeshamuaga. Gari si lile pale limefika."

Fundi alikimbia. Alivuka uwanja wa mpira katikati ya kipindi cha michezo, akaruka mtaro, ubao wa dawati bado uko kwapani, penseli ikaanguka akaiacha. Mlango wa nyumba ya mwalimu ulikuwa wazi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Kimya. Na watu aliwaona! Mwalimu Mkuu ameketi kwenye kiti. Dereva ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Shangazi, Shangazi wake mwenyewe, yule asiyejua habari za vijiko, ameketi ukingoni mwa kitanda kapakata mfuko wa wanga. Na juu ya sanduku kubwa la safari, gauni la bluu iliyopauka, msuko mmoja mgongoni, mwalimu ameinamisha kichwa. Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyemtazama. Wamekaa tu kama picha.

Palikuwa na kizingiti mbele ya viatu vyake, kipande cha mbao kilicholiwa na nyayo. Hajakaribishwa. Mara ya mwisho hakukaribishwa pia.

Akavuka.

Akaketi juu ya sanduku, karibu naye. Sanduku likalia. Mwalimu akainua kichwa, akamwona, akafungua mdomo, akaweka kidole midomoni. Wakakaa. Nje dereva mwingine alipiga honi akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye maneno mengi, na Fundi, kwa mara ya kwanza tangu amjue mwanamke huyu, alisikiliza.

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Haya. Safari njema."

"Tulikuwa tunaketi kabla ya safari," mwalimu alimwambia Fundi bila kumtazama. "Kwetu mtu haondoki akitokea wimawima. Mwiko huu nao unaujua, kama ule wa mlangoni?"

"Sikusikiliza," Fundi akasema. "Siku ile ya milango. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Nilikuona ukinitazama. Nilidhani unasikiliza kwa macho." Akavuta ncha ya msuko. "Uliponyoosha mkono nikajua unanitania. Halafu ukaondoka, ukafunga simu. Nikasema basi, alijua. Amekuja kuniaga kwa mila yangu mwenyewe."

"Mimi? Nilivaa viatu vile ili nikuage?"

"Vilikuwa vinang'aa sana," akakubali, machozi yakidondoka. "Ningejua kwa viatu."

Fundi aliweka ubao wa dawati chini, akatia mkono mfukoni, akatoa vijiko. Vilikuwa vimezidi kung'aa kwa kushikwashikwa.

"Sasa tupo ndani wote. Unapokea?"

Akapokea. Akapitisha kidole kwenye ule msuko mdogo wa mbao, kisha kwenye penseli. Akavigonga. Viwili vile vililia chumba kizima.

"Nilitaka vikae kabati moja," Fundi akasema, na maneno aliyokuwa nayo yote yakabaki haya: "Na sisi wenyewe tukae nyumba moja. Uwe mke wangu. Unasemaje?"

"Ndege haina shangazi huku wa kuibembeleza ingoje," dereva akasema kwa huruma, akinyanyua ndoo. "Itatuacha."

Mwalimu Theluji alilia tu. Alitikisa kichwa, haikujulikana kwa upande gani. Alimrudishia kijiko cha msuko, akakishika cha penseli kifuani, akaingia garini. Kibali kilikuwa kimekwisha, mama yake mzazi alikuwa amekwisha kutandika kitanda, tiketi haijui mapenzi. Gari likaondoka. Vumbi likapanda, likatua.

Fundi alisimama uani na kijiko kimoja. Shangazi alimwekea mkono begani, hakuna aliyetania.

Gari likarudi.

Lilirudi kinyumenyume, kwa fujo, likakanyaga maua ya shule. Mwalimu akashuka mbio.

"Nimesahau kitu!"

"Pasipoti?" Mwalimu Mkuu akapiga kelele. "Simu? Dawa?"

Hakujibu. Alimshika Fundi mkono, akamvuta mpaka ndani, mpaka kwenye kioo kidogo kilichobaki kinaning'inia ukutani, kimepasuka pembe moja.

"Kwetu ukirudia kitu ulichosahau, unajitazama kwanza kwenye kioo, ndipo unatoka tena. La sivyo njia inakukataa."

"Na umesahau nini?"

"Kujibu."

Kioo kilikuwa chembamba. Ili nyuso mbili ziingie ilibidi shavu liguse shavu.

"Ndiyo," akakiambia kioo. "Ndiyo, Kifundi. Nitarudi theluji ikiyeyuka." Na akatabasamu, meno yote. "Umeona? Nimepata sababu."

*

Sasa Fundi anatengeneza mlango wake mwenyewe. Chumba na sebule, kiwanja kidogo nyuma ya karakana. Miimo ameichonga kwa mbao ya safari ile ya uchungu, maana hakuwa na kazi nyingine ya kuipa. Leo ameusimamisha, Shangazi akaja kukagua, akazunguka mara ya kwanza, ya pili, akainama kutazama chini.

"Baba, umesahau kizingiti."

"Sijasahau."

"Mlango gani hauna kizingiti? Na mvua ikija? Maji yataingia moja kwa moja mpaka uvunguni!"

"Yaingie, Shangazi. Tutayapangusa."

Simu ikaita.

"Nakusikiliza," Fundi akapokea.

Ilisikika kru, kru, kru, miguu inatembea mahali peupe, mbali, simu imeshushwa karibu na buti. Fundi akafumba macho.

"Theluji imefika wapi leo?" akauliza.

"Magotini, mpenzi."

"Bado magotini?"

"Bado." Kru moja zaidi. "Na mlango?"

"Umesimama. Chini hauna kitu. Hata ukitaka kukataa, hakuna pa kukatalia."

Akasikia kicheko, kikubwa, kile kile. Kisha upande wa pili kijiko cha mpera kikagonga mahali fulani, pengine kwenye dirisha lenye barafu. Ko. Kimoja peke yake, bubu.

Fundi akachomoa cha kwake mfukoni, akagonga mwimo mpya. Ko.

"Karibu," akasema, akausogeza mlango mpaka mwisho, akauacha wazi.